Siku za Posho za Mama Laurentine

Kule Kolwezi Jumamosi huitwa siku ya posho. Jina hilo limebaki tangu enzi za kampuni, wakati wafanyakazi wa mgodi walipojipanga siku hiyo na mifuko yao mikononi, wakapimiwa unga, maharagwe, samaki wa chumvi na mafuta ya mawese. Posho yenyewe ilikoma zamani, na wengi waliojipanga mstarini wameshazikwa. Jina ndilo lililokataa kufa. Mama Laurentine Mbuyi alizaliwa katika nyumba ya kampuni pale Dilala, na uzee ulipobisha hodi akarudi kuishi humo humo. Hakuna siku ya posho aliyoamka bila kuhisi mwilini kwamba kuna kitu anapaswa kwenda kukitafuta.

Basi asubuhi ya posho hufunga kikwembe chake kizuri, akachukua kitunga, akatoka. Na kila mara kaka yake, Séraphin, karani mstaafu na mzee wa kanisa la Kimetodisti, humsimamisha barazani akiwa na redio yake mapajani.

"Laurentine, unaenda tena?"

"Naenda, yaya," humjibu, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Lengalenga banauzisha pale ku kona. Tomati iko ku kona. Juu ya nini upande pikipiki mpaka kule mwisho ya muji kutafuta bintu bya ku kona?"

"Bya ku kona haina ladha, yaya."

Séraphin huguna na kupandisha sauti ya redio. Alijua kwamba dada yake hasemi kweli, ila hakujua kweli yenyewe ni ipi.

Mboga hazikuwa hoja. Laurentine alizinunua kwanza, haraka haraka, kama mtu anayelipa kiingilio, kisha akaelekea upande wa mafundi. Kila soko la posho lina upande huo, liwe la katikati ya mji au la pembezoni, njia ya kwenda Kasaji. Hapo hupangwa majembe na mipini yake, vinu na michi, mikeka, nyungo, vijiko vya mti, na mbabula, yale majiko ya makaa yanayotengenezwa kwa mabati ya mapipa makuukuu. Laurentine alipita majembe, akapita vinu, akainama kwenye mbabula. Aliinua moja, akaigeuza, akatazama matundu yake ya kupitishia hewa, akairudisha. Akainua ya pili, ya tatu. Kisha akajinyoosha kiuno na kwenda zake.

Wauzaji walikuwa wamemzoea, lakini hawakuacha kumtania.

"Mama, ile ni mbabula, haiko mutoto!" kijana mmoja alimwambia. "Unatafuta kama ilikojoa?"

Laurentine alicheka pamoja nao. Alichokuwa akikitafuta kilikuwa nyayo za kanga.

*

Kulikuwa na mtaa uliokuwa ukiitwa Mipapai. Si zamani sana, mtoto aliyezaliwa wakati ule hata shule ya msingi hajamaliza. Ulikuwa ng'ambo ya reli, nyumba za matofali mabichi, na kila ua una mpapai wake mmoja au miwili. Laurentine aliishi huko tangu alipofiwa na mumewe, akamlea binti yake Chancelle kwa mashine ya kushona mpaka akaolewa Likasi.

Mtaa ule ulikuwa na soko lake la posho, kwenye uwanja kando ya kapela ya Wakatoliki. Kabla jua halijapanda, wanawake wa mashambani walikuwa wameshafika na baiskeli zilizolemewa: viazi vitamu, kalanga, mihogo, na mvua zikianza bowa, uyoga mkubwa kama mwavuli wa mtoto. Kulikuwa na mama wa bitoyo, samaki wa chumvi, aliyenukia mpaka barabarani. Kulikuwa na munkoyo, kinywaji cha mahindi, ndani ya vidumu, mtamu kwa anayeupenda mchanga, mkali kwa anayeupenda ukiwa umekomaa. Watu hawakuja kununua tu. Walikuja kuonana. Mtu akikosa siku mbili za posho, siku ya tatu alitumiwa mtu nyumbani kuulizwa kama ni mgonjwa.

Laurentine aliweka mashine yake kwenye kivuli cha ukuta wa kapela. Mkono wake wa kuume, karibu kiasi cha kupeana sindano, alikaa Stéphane Kalumba, fundi wa mbabula.

Kalumba alikuwa mtu wa Kasaji, mjane, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa ambayo hakuna aliyekumbuka rangi yake ya kwanza. Alifundishwa kupiga bati na mjomba wake. Kutwa nzima ilikuwa ko-ko-ko, ko-ko-ko. Watu walimwambia Laurentine ahame, masikio yake yatakufa. Yeye alijibu kwamba nyundo ikinyamaza ndipo anaposhona kombo.

Mafundi wengine walitoboa matundu ya mbabula zao kwa mstari mnyoofu. Kalumba aliyatoboa matatu matatu, yaliyotawanyika kama vidole vya ndege, yakazunguka jiko zima kama kanga aliyepita kwenye matope. Laurentine alimwuliza siku moja sababu yake, akiwa amesimama mbele yake na jiko mkononi.

"Moto iko kama mutu," Kalumba alimjibu. "Inapenda kutembea. Ukiifungia njia, inakasirika, inakula makala yako yote."

Mchana walikula pamoja. Laurentine alileta bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, Kalumba akaleta munkoyo, na kwa kuwa alijua mwenzake ni Mmetodisti, alileta ule mchanga usiolewesha. Mwisho Kalumba alinawa na kusema, "Aksanti, mama. Iko muzuri." Maneno hayo hayo, kila posho, na kila posho Laurentine aliyangoja.

Watu wa soko waliona. Watu wa soko huona kila kitu. Lakini Kalumba hakusema neno, na mwanamke wa umri wake, dada wa mzee wa kanisa, angeanzaje yeye? Miaka ikapita hivyo, bukari na munkoyo, ko-ko-ko.

Mpaka posho moja, mwishoni mwa mvua. Soko lilikuwa linafungwa. Kalumba alikuwa akikusanya vyombo vyake. Laurentine alikuwa ameinamia upindo wa sare ya shule, na bila kuinua macho, kwa sauti ile ile ndogo aliyoimbia kwaya, alisema:

"Stéphane. Mi niko mujane, we uko mujane. Kama kuko kitu unapenda kuniuliza, uniulize. Mi sitakatala."

Hakuwahi kumwita kwa jina kabla ya siku hiyo. Sindano ilisimama. Moyo wake ulipiga kuliko nyundo.

Kalumba aliinua mbabula moja ndogo, nzuri kuliko zote, akaipuliza vumbi, akamnyooshea huku akitabasamu.

"Ii ya kwako, mama," alisema. "Nilikufanyia." Akageuka, akaendelea kufunga kamba za mzigo wake.

Huko pwani, Waswahili husema mwanamume akioa amepata jiko. Laurentine aliomba mume, akapewa jiko lenyewe. Aliipokea mbabula ile, akashukuru, akaenda nayo nyumbani akiwa ameishika kama mtu aliyebeba maji ya moto. Aliona ameshajibiwa, na amejibiwa kwa adabu, jambo linaloumiza kuliko tusi. Posho iliyofuata alikuja kama kawaida, lakini kiti chake alikigeuza kikampa Kalumba mgongo. Bukari alipika ya mtu mmoja.

Kiangazi kile kile, jirani aliyekuwa akichimba choo alikuta mawe ya kijani na meusi, yale ya shaba na kobalti. Habari haikulala. Vijana wakaja kutoka kila pembe ya Kongo, na koleo, na tochi za kufunga kichwani, wakachimba uani, kisha jikoni, kisha chini ya vyumba vya kulala. Mipapai ilianguka mmoja mmoja. Ukuta wa kapela ukapasuka kutoka juu hadi chini. Baadaye ulifanyika mkutano, ikasemwa kwamba mahali pale si pa kukaa watu tena, kila mtu akapewa fidia yake na kuambiwa ahame. Wengine walikwenda kwa ndugu zao Lubudi, wengine Likasi, wengine walipotelea humo humo Kolwezi.

Séraphin alikuja na lori siku ya tatu, katikati ya wiki. Kalumba alikuwa amekwenda mjini kutafuta mapipa, angerudi jioni. Laurentine alijua. Angeweza kusema, tungojee kidogo. Hakusema. Alipakia mashine, kitanda, vyungu na ile mbabula, akapanda mbele na dereva, na hakugeuza shingo.

*

Hasira ilikwisha kabla ya mbabula. Alipikia mbabula ile kwa miaka, pale Dilala, mpaka bati likaliwa na kutu na kutoboka, na makaa yakawa yanaangukia sakafuni. Alipokwenda sokoni kununua nyingine, alijikuta ameinua moja na kutazama matundu yake, kisha ya pili, kisha zote. Hapo ndipo alipojijua.

Kumpigia simu hakukuwezekana. Kalumba hakuwahi kuwa na simu. "Simu ni ya batu benye habaonane," alizoea kusema. Nani naye angeomba namba ya mtu anayekaa karibu naye kiasi cha kupeana sindano?

Ndiyo maana alianza kuzunguka. Posho hii soko hili, posho ijayo lile. Masoko yalikuwa yamebadilika. Mbabula nyingine zilikuwa nyepesi kama karatasi. Vyombo vya plastiki vilikuwa vimerundikana kama milima pale palipokuwa na vyungu. Vijana wa migodini walipita na pikipiki zao wakinunua bila kuuliza bei, na wauzaji waliwapenda kuliko wamama wanaopapasa mboga. Lakini mara nyingine, kwenye kona fulani, harufu ya bitoyo ilimjia pamoja na ya kalanga zinazokaangwa, nyundo ya mtu ikalia mbali, naye akasimama katikati ya njia mpaka wenye mizigo wampigie kelele apishe. Kwa dakika chache Mipapai ilikuwa imerudi. Kisha nyundo ilinyamaza, na ilikuwa ni ya mtu anayegongomea meza.

Alipata habari za wengine. Mama wa bitoyo, Laurentine alimkuta akiuza kwenye soko la njia ya Kasaji, wakakumbatiana mpaka samaki wakaanguka. Lakini kuhusu Kalumba hata huyo hakujua. "Labda alirudia kwabo," alisema. "Labda alishakufwa, mama. Batu banakufwa." Kwenda Kasaji kumwulizia mwanamume mbele ya ukoo wake, Laurentine hakuthubutu.

Basi posho moja, mwanzoni mwa kiangazi, kwenye soko hilo hilo la njia ya Kasaji, alimwona mwanamke kijana ambaye hakuwahi kumwona, mgeni aliyeanza kuuza pale wiki ile, aliyetandaza unga wa mihogo, asali katika chupa, na mananasi. Nyuma ya mananasi zilikuwa zimerundikwa mbabula. Laurentine aliinama kwa mazoea tu. Akainua moja. Akaigeuza.

Matundu matatu matatu. Kanga alikuwa amepita kwenye bati jipya.

Alikaa chini, pale pale vumbini, na kikwembe chake kizuri.

"Mama!" yule kijana alishtuka. Jina lake lilikuwa Jessica. "Uko mugonjwa? Nikupe maji?"

"Hapana, mwana. Ii mbabula, nani anafanyaka?"

"Tata mumoya ya Kasaji, muzee jirani yetu. Anabitumaka mu lori pamoja na bunga na asali. Mi nauzishaka tu."

"Eko muzima?"

"Muzima kabisa. Posho ya mwisho ya mwezi atakuya mwenyewe. Unamujua?"

Laurentine alitikisa kichwa kukubali.

"Basi ukitaka kuzungumuza naye, ujitayarishe, mama. Masikio yake ilishakufwa. Nyundo njo iliua. Ye mwenyewe anasemaka ya kushoto ilikufwa zamani sana, wakati angali Mipapai. Ya kuume njo inasikiaka kidogo, kama ukipandisha sauti."

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto."

Laurentine alitazama mikono yake. Kapela nyuma yao, kivuli upande ule, mashine yake, kisha Kalumba. Miaka yote ile alikuwa amekaa kushoto kwake. Alipomwuliza juu ya matundu alikuwa amesimama mbele yake, akitazamwa midomo. Lakini yale maneno ya mwisho aliyasema akiwa ameinamia upindo, kwa sauti ya kwaya, kwenye sikio lililokufa.

Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati bila kumwomba ruhusa. Jessica alimpa maji hata hivyo.

Aliporudi Dilala, Séraphin alitazama kitunga.

"Iko wapi lengalenga?"

"Nilisahau."

Kaka yake alizima redio. Hakuwa amewahi kuizima katikati ya habari. Laurentine akakaa na kumweleza yote, kuanzia bukari na munkoyo hadi nyayo za kanga. Séraphin alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ni Mukatoliki," alisema mwishoni.

"Ee, yaya."

"Na munkoyo anakunywaka ya kukomaa?"

"Kama mi siko pale, labda."

Mzee aliiweka redio chini. Nje watoto walikuwa wakivuta maji kwenye bomba la mtaa na kugombana.

"Mi njo nilileta camion ya kukuhamisha ile siku," alisema. "Wakati ya kupakia nikakuona unaangaria njia. Nikazani unaaga nyumba." Akakuna kidevu. "Ungesema, Laurentine. Ningengojea hata mpaka asubui."

*

Posho ya mwisho ya mwezi alivaa kikwembe kipya alichojishonea mwenyewe. Alikuwa amejifunza njiani maneno ya kuanzia, maneno ya heshima, juu ya afya na juu ya safari. Alipofika, Kalumba alikuwa amechuchumaa akipanga mbabula zake kwa ukubwa. Kofia ilikuwa ile ile au pacha wake. Nywele zilizochungulia chini yake zilikuwa nyeupe.

Alizunguka akasimama upande wa kuume. Kivuli chake kikaangukia bati. Kalumba akainua kichwa.

"Mama Laurentine!" alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, na nusu ya soko ikageuka.

"Habari ya Kasaji, tata?" alisema.

"Nini?"

"Nasema, habari ya Kasaji?"

Kalumba alitega mkono sikioni na kuinamisha kichwa kwa huzuni, kama mtu anayeomba radhi.

"Mama, si nilikuambia?" Jessica alisema nyuma ya mananasi. "Pandisha sauti!"

Laurentine alikuwa mwanamke ambaye kiongozi wa kwaya alimweka mstari wa mbele ili walau asikike kidogo. Alivuta pumzi. Maneno yote ya heshima aliyokuwa amejifunza njiani yakamtoka, yakabaki yale mengine.

"Nilikutafuta mu masoko yote ya Kolwezi!"

Mwanamke aliyekuwa akipima unga alisimamisha kopo hewani. Aliyekuwa akihesabu vitunguu alipoteza hesabu.

"Juu ya nini kunitafuta?" Kalumba aliuliza, na sauti yake ilikuwa na jeraha. "We njo ulienda bila kuaga. Nilirudia na mapipa, nikakuta nyumba wazi."

"Juu nilikuuliza kitu, ukanipa mbabula!"

Watu walicheka. Kalumba hakucheka. Alisimama polepole, akiegemea goti.

"Uliniuliza nini?"

Laurentine alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na pa kujificha. Vijana wawili wa migodini walikuwa wamezima pikipiki yao ili wasikie vizuri. Alifumba macho, akayasema tena yote, neno kwa neno, kwa sauti aliyoshangaa kwamba ilikuwa yake:

"Nilisema, Stéphane, mi niko mujane, we uko mujane. Kama kuko kitu unapenda kuniuliza, uniulize. Mi sitakatala!"

Mama wa bitoyo, ambaye meza yake ilikuwa ng'ambo ya njia, akasema, "Tata Kalumba, ulisikia, ao tukuambie siye?"

Lakini alikuwa amesikia. Alivua kofia yake. Aliikunja, akaikunjua.

"Ulisema ile maneno kule Mipapai?"

"Mipapai. Siku ya posho, kando ya kapela."

"Na mi nilikupa mbabula."

"Ulinipa mbabula!"

Kalumba alijifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika, na hakuna aliyeweza kujua ni kicheko au ni kingine. Alipoishusha, alisema kwa sauti ambayo kwake labda ilikuwa ya kunong'ona, ila iliwafikia hata wauza nyama:

"Ile mbabula nilikuwa nilishaifanya tangu mvua ya kwanza. Nilikuwa natafuta kinywa ya kukuambia. Nikasema, nitaanza na mbabula, ile posho yenye kukuya nitasema. Ile posho yenye kukuya, ukageuza kiti."

Laurentine alishika kiuno. Miaka ile yote, masoko yale yote, na vumbi lile lote!

"Sasa uniulize," alisema.

"Hapa?"

"Mi nilishapiga kelele hapa mbele ya batu bote. Na we pia."

Na Kalumba akamwuliza, kwa sauti yake yote, katikati ya unga na mananasi, na alipojibiwa hakuwa na haja ya kutega mkono sikioni, kwa sababu soko lilijibu pamoja na Laurentine. Mama wa bitoyo alipiga vigelegele hata mbuzi waliokuwa wamefungwa wakakata kamba. Wale vijana wa migodini walinunua mbabula mbili wasizokuwa na haja nazo.

Jioni ile walipita njia ya reli, kwa miguu, kutazama ilipokuwa Mipapai. Kulikuwa na uzio mrefu, na nyuma yake shimo lililoshuka ngazi ngazi, na malori yaliyoonekana madogo kama wadudu.

"Kapela ilikuwa pale," Kalumba alisema, akinyoosha kidole juu ya shimo.

"Hapana, pale. Karibu na ile mashini ya manjano."

"Ile ilikuwa nyumba ya mama wa bitoyo."

"Nyumba yake ilikuwa huku, tata! Ulisahau?"

Walibishana mpaka jua likashuka, na hawakukubaliana. Kila mmoja alikuwa na Mipapai yake, na zote mbili zilikuwa za kweli, na hakukuwa tena na ukuta hata mmoja wa kuwaamulia. Laurentine aliona huzuni kwa hilo kuliko kwa shimo lenyewe. Kalumba aliona uso wake, akamshika mkono, na wakaondoka.

*

Posa ilipelekwa Dilala Jumapili iliyofuata, siku ya Mungu. Kalumba alikuja na mpwa wake na koti la kuazima. Séraphin alikuwa ameandaa maswali ya mzee wa kanisa, juu ya ubatizo, juu ya pombe, juu ya watoto, akayauliza kwa sauti ya kiasi kama inavyompasa karani. Mgeni wake aliitikia kila swali kwa "Nini?" Mwisho Séraphin alilazimika kusimama na kupaza sauti, na majirani wa mstari ule mzima wa nyumba za kampuni wakatoka mlangoni. Alipopaza, "Na munkoyo?", jibu la "Kidogo tu!" likavuka barabara, na mtu wa ng'ambo akaitikia, "Kidogo haina mubaya, tata Séraphin!" Mzee akajaribu kukunja uso, akashindwa.

Walifunga ndoa kiangazi kile kile, padri akabariki na mchungaji akaomba. Laurentine alihamia Kasaji na mashine yake ya kushona. Anashona uani, karibu na nyundo. Mwisho wa mwezi hupanda lori pamoja na mumewe, unga na asali, wakaja Kolwezi kuuza, na Jessica huwapa nafasi katikati ya mananasi yake.

Séraphin alibaki Dilala na redio yake. Aliwaambia wote kwamba yuko sawa, kwamba mtu aliyefanya kazi ya ofisi maisha yake yote anaweza kujisongea bukari. Mwaka uliofuata, kiangazi kilipoingia, lori la Kasaji lilimshusha yeye, Biblia yake, redio, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Alisema amekuja kwa siku mbili, kumtazama dada yake kama amezoea. Laurentine alimpokea kuku, akamwonyesha kitanda.

Mvua za kwanza zilimkuta bado yuko, ameketi uani na redio mapajani, amepandisha sauti mpaka mwisho ili Kalumba naye asikie habari.